Taa ya Injini na Mafundi wa Kisekka

Kampala kuna lalamiko lisilochuja. Gari limepelekwa gereji ya wakala, limelazwa huko, limefungwa sensa mpya, bili imelipwa, na kabla wiki haijaisha taa ya cheki injini imewaka tena. Wengine humwita wakala mwizi mwenye risiti. Wengine humlaumu fundi wa soko la Kisekka aliyeligusa gari kabla ya wakala. Lawama zote mbili zinairuka historia. Taa ile ilibuniwa kulinda hewa ya California, ikafika Uganda ndani ya magari ya mtumba, katika mji ambao ufundi wake ulikuwa umejengwa juu ya uhaba wa spea na juu ya majibu ya papo hapo. Tatizo lilianza muda mrefu kabla ya bili ya jana.

Kabla ya Agosti 1972 biashara ya magari Kampala, pamoja na spea na gereji, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia, na Singasinga walisifika Afrika Mashariki nzima kwa ufundi wa chuma na injini. Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke, nchi ilipoteza pia vitabu vya mwongozo, njia za kuagiza bidhaa, na imani ya wasambazaji wa ng'ambo. Maduka yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakuijua kazi, fedha za kigeni zikakauka, magendo yakatawala. Mwenye Peugeot mbovu hakuwa na pa kuagiza. Alitafuta Peugeot nyingine iliyokufa. Hapo ndipo ufundi wa mji ulipopata tabia yake. Fundi hakuuliza kitabu kinasema nini, aliuliza kifaa gani kitaingia. Shule haikukosekana kabisa, kwani chuo cha ufundi cha Nakawa kilianza 1971 kwa msaada wa Japani, lakini mafundi wengi walijifunza wakiwa wamelala chini ya gari la mteja. Mtaa wa Katwe ulichonga kisichopatikana. Soko la spea la kando ya Nakivubo nalo likaja kubeba jina la Dkt. Samson Kisekka, waziri mkuu wa 1986 hadi 1991.

Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalimiminika kupitia Mombasa, nayo Corolla ya mfululizo wa 100 ikapewa jina la Kikumi. Taa ya injini ilikuwemo, na haikuwa fumbo. Kwenye Toyota za wakati ule unafungua kisanduku kilicho chini ya boneti, unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa inavyopepesa: mara mbili, kituo, mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Lakini Marekani ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Kuanzia magari ya 1996 ililazimisha mfumo mmoja, OBD-II, unaoifanya kompyuta ya gari ijipime yenyewe moshi wake. Gari lililotengenezwa kuuzwa Japani halikubanwa na sheria hiyo, na lingeweza kuja na injini kama D-4 ya Toyota au GDI ya Mitsubishi, zote za 1996, ambazo wakala wa Kampala hakuwa ameziuza. Kusema wakala analijua kila gari lenye nembo yake ni kumpa sifa ambayo mtiririko wa mitumba ulikwishamnyang'anya.

Msomaji atapinga: wakala ana mashine ya kampuni, spea halisi na mafundi wenye vyeti, kwa hiyo taa ikirudi ni uzembe. Pingamizi lina uzito. Zipo gereji za fahari zinazobadilisha kifaa bila kupima waya hata mmoja. Hata hivyo mashine haitaji kifaa kibovu, inataja kipimo kilichovuka mpaka. Namba P0171 husema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli yake. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu iliyochoka, kichujio kilichoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi la barabara zetu. P0420 husema kisafisha moshi hakifanyi kazi ipasavyo. Huenda kimekufa, huenda eksozi inavuja karibu na sensa, huenda ni kopo tupu ambalo masega yake yaliuzwa na mwenye gari wa zamani. Anayefunga sensa mpya nyuma ya kopo tupu anaweza kutoa risiti halali kabisa, na taa itarudi.

Kwa nini basi isirudi siku hiyohiyo? Kumbukumbu ya kompyuta ikifutwa, vipimo huanza upya. Hitilafu nyingi haziwashi taa mpaka zionekane katika safari mbili mfululizo, na kipimo cha kisafisha moshi hudai injini iliyopata moto na mwendo usiokatikakatika. Foleni ya Wandegeya haitoi mwendo huo. Gari linaweza kuzunguka mjini siku kadhaa taa imezimika kwa sababu tu kipimo hakijakamilika. Likienda Masaka hitilafu inaandikwa kimyakimya, likirudi taa inawaka karibu na Lukaya. Mwenye gari anadhani matengenezo yalidumu wiki nzima, kumbe hayakuwa yamepimwa. Mashine ileile iliyofuta namba inaweza kuonyesha ni vipimo gani vimekamilika, na hilo ndilo la kumwuliza wakala kabla ya kutoa pesa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kuwatetea wabahatishaji wa Kisekka. Sikubali. Kufunga kifaa unachojua ni kizima ili uone kama ugonjwa unaondoka ni kipimo cha haki, na ni cha bei nafuu mahali ambapo jirani anaweza kukuazima koili kwa saa moja. Njia hiyo ilifaa kwa injini inayokohoa, kwa sababu sikio lilipata jibu palepale. Kwa taa hii haitoshi, kwani jibu lake huja baada ya safari ya pili, koili imesharudi dukani na fundi yuko chini ya gari jingine. Hata kung'oa kisafisha moshi hakukuwa ujinga mtupu: petroli yenye risasi, ambayo huua kifaa hicho, iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 tu, na kopo lililoziba huinyima injini pumzi.

Tangu Oktoba 2018 Uganda imezuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Magari yanayoingia sasa kwa kawaida husomeka kwa kisomaji kidogo kinachounganishwa na simu, kwa hiyo pengo la mashine kati ya wakala na Kisekka limepungua sana. Sheria hiyo, hata hivyo, inahesabu miaka ya gari. Moshi wa lile lililokwisha kuingia ni jambo jingine. Ukaguzi wa lazima wa magari uliokabidhiwa kampuni ya SGS ulisimamishwa 2017 baada ya malalamiko mengi. Mwenye gari anayemlipa fundi kuzima taa hana afisa wa kumwuliza kilichofanyika kwenye eksozi, na wapo mafundi wanaomaliza kazi kwa kipande cha chuma kinachoivuta sensa nyuma kidogo isipate moshi wote.