Laso

Laso ni kamba ngumu yenye kitanzi kinachokaza, ambayo wachunga ng'ombe wapanda farasi huitumia kunasia mifugo. Wachungaji wa Meksiko waliisuka kwa ngozi mbichi, na ufundi wao ukaenea hadi Texas na California. Siku hizi nyingi ni za nailoni. Kamba laini haifai: kitanzi chake hujifumba hewani kabla ya kumfikia mnyama.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Ncha hufungwa fundo dogo la kuzuia. Mbele yake kidogo hufungwa fundo jingine, likaachwa limelegea. Ncha hurudishwa na kupenyezwa ndani ya fundo hilo, kisha yote hukazwa. Hapo hupatikana jicho dogo liitwalo honda. Upande wa pili wa kamba ukipitishwa humo, kitanzi ni tayari.

Kuirusha ndiko kunakotaka mazoezi. Mwanafunzi huanza kwa miguu, akilenga kigogo. Mkono mmoja huzungusha kitanzi juu ya kichwa, mwingine hushika kamba iliyobaki ikiwa imekunjwa duara. Kinachozunguka hasa ni kifundo cha mkono, si bega. Juu ya farasi, mnyama akishanaswa, kamba huzungushiwa pembe ya tandiko huku kidole gumba kikielekezwa juu. Wapo waliopoteza kidole hicho kwa kubanwa hapo.

Mmarekani Will Rogers (1879–1935) aliupandisha ufundi huu jukwaani, akauonyesha pia katika filamu ya The Ropin' Fool.