Wajue wadudu wa mawaridi kabla ya kushika bomba la dawa

MWARIDI uliopandwa uani haukosi wageni. Huko Masaki, wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, ambako joto ni la mwaka mzima na mikorosho na mihogo haiko mbali na nyumba, mvua za vuli na masika huleta machipukizi laini, na machipukizi hayo huwavuta wadudu. Wenye bustani wengi hukimbilia dawa ya sumu. Hata hivyo, si kila kinachotambaa juu ya waridi ni adui.

Wanaoonekana mapema ni vidukari, ambao hujazana kwenye vikonyo na kufyonza utomvu. Jike huweza kuzaa bila dume, ndiyo maana kundi dogo huwa kubwa kwa siku chache. Kinyesi chao ni kitamu, nacho huota ukungu mweusi na kuwaita sisimizi, ambao huwalinda vidukari dhidi ya maadui zao. Msururu wa sisimizi shinani, basi, ni taarifa kwamba juu kuna vidukari au jamaa zao: vidung'ata wenye unga mweupe kama pamba, au wadudu gamba walioganda kwenye shina.

Wakati wa kiangazi hufika utitiri mwekundu. Huyu si mdudu hasa, kwani ana miguu minane na ni jamaa wa buibui. Hukaa chini ya jani, akaacha vidoa vya njano na utando mwembamba. Vithiripi, wembamba kama uzi, hujificha ndani ya petali na kuzitia kingo za kahawia.

Hatari zaidi kibiashara ni kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Thaumatotibia leucotreta, mwenye asili ya Afrika, ambaye hushambulia pia machungwa na pilipili. Hutoboa tumba na kula ndani. Umoja wa Ulaya umemweka katika orodha ya wadudu wa karantini, hivyo kiwavi mmoja aweza kuzuia shehena ya maua kutoka Arusha au Naivasha, Kenya.

Unga mweupe uliotanda juu ya jani lote si mdudu. Ni ukungu wa jamii ya ubwiriunga, ambao wakulima wa korosho wanaujua vyema. Kuupulizia dawa ya wadudu ni kutupa fedha.

Wapo pia marafiki. Mbawakawa wadogo wa duara wenye madoa hula vidukari, wakubwa kwa watoto. Vunjajungu na buibui huwinda usiku na mchana. Jani lililokatwa ukingoni kwa umbo la nusu duara ni kazi ya nyuki mkata majani. Hali jani hilo, bali hulitandika katika kiota chake, naye huchavusha mimea mingine.

Nguvu ya marafiki hao imethibitishwa. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuteketeza mashamba. Aliyemdhibiti ni nyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyeanza kuachiwa barani mwaka 1981. Kazi hiyo ilimpatia Hans Herren wa Uswisi Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hapa nchini, shughuli za kudhibiti wadudu kwa maadui zao wa asili ziliwekewa kituo Kibaha, jirani na Kisarawe.

Sumu kali huwaua marafiki kwanza, kisha utitiri hurejea kwa wingi kuliko awali. Hivyo, mwenye bustani na ageuze jani na kutazama chini yake kila wiki. Vidukari na utitiri huondoka kwa maji yaliyorushwa kwa nguvu asubuhi; tumba lililotobolewa likatwe na kuharibiwa. Dawa iwe hatua ya mwisho, baada ya adui kutambuliwa kwa jina.