Ukuta Hauoshwi Kama Probox

Wasee, leo tuongee kuhusu kuta.

Chukua barabara ya Kisii kwenda Keroka, ama ingia Nyamira ndani kwenye majani chai. Utaona nyumba safi ya kisasa, mabati mekundu, rangi ya krimu. Lakini ule upande usioguswa na jua umegeuka kijani, na chini kabisa, karibu na msingi, kuna mstari mwekundu wa matope. Hii si uchafu wa mwenye nyumba. Ni Gusii. Mvua kwetu inapita milimita 1,500 kwa mwaka, udongo ni mwekundu, na hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Kuvu na mwani wanapenda hapa kuliko sisi.

Basi Disemba ikikaribia, watu wa Nairobi wakijipanga kurudi ushago, simu zinaanza: kuna kijana ana mashine? Kijana yupo. Mashine ni ile ya kuosha Probox na bodaboda. Anapiga ukuta, unang'aa, picha inatumwa kwa grupu la familia. Mvua mbili baadaye rangi inabanduka kama ganda la viazi.

Maoni yangu ni haya: kijana hana makosa peke yake. Mashine pia haina makosa. Shida ni kwamba tumepewa kifaa bila kupewa historia yake, na tumesahau historia ya ukuta wetu wenyewe.

Ukuta uliojifanya upya

Nyumba ya zamani ya Mgusii, enyomba, ilikuwa ya mviringo. Fito, udongo, nyasi juu. Kusiriba ilikuwa kazi ya akina mama: udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, mkono mtupu, tabaka jipya juu ya lile kuukuu. Fikiria hilo kidogo. Ukuta ukichafuka, ukipasuka, mvua ikiula, magokoro hakuuosha. Aliufanya upya. Kifaa kilikuwa kiganja, na dawa ilikuwa udongo wa hapo hapo nje.

Na hiyo nyumba ilijengwa upya hata ilipochomwa. Waingereza waliweka kituo chao Kisii mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali, na wanajeshi wakatumwa kulipiza kisasi. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, nyumba zikateketezwa. Waliobaki walirudi kwenye udongo ule ule na kukandika tena. Wakati mwingine tunazungumza juu ya "nyumba ya matope" kama aibu. Mimi naiona kama teknolojia ambayo vipuri vyake haviishi.

Wenzetu wa Pwani pia hawakuwa watu wa kusugua kuta. Lamu na Mombasa walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakapaka chokaa. Chokaa ni kali, haipendwi na kuvu, na kila ukipaka upya umesafisha na umekarabati kwa mkupuo mmoja. Ni akili ile ile ya magokoro, vifaa tofauti.

Ukuta wa kutunzwa

Mambo yalibadilika polepole. Wamisheni Wakatoliki walifika Nyabururu 1911, Waadventista wakafika Nyanchwa 1912, na majengo ya pembe nne yakaanza kuonekana. Baadaye pesa ya kahawa, pareto na majani chai ikaleta mabati, tofali la kuchoma, lipu ya simiti, halafu rangi ya maji.

Hapo ndipo kazi mpya ilizaliwa bila mtu kuitangaza. Ukuta wa simiti hausiribwi kila msimu. Umelipiwa mara moja, ghali, na unatakiwa kudumu. Kwa hivyo kwa mara ya kwanza tukawa na ukuta wa kuoshwa. Lakini hakuna aliyetufundisha kuuosha, kwa sababu wale waliojua kutunza kuta, yaani mama zetu, ujuzi wao ulihesabiwa kuwa wa kizamani. Tulibaki na ujanja mmoja tu: kupaka sehemu ya chini nyeusi ama kahawia ili matope yasionekane. Angalia maduka yoyote ya sokoni. Huko ni kuficha, kuosha ni kitu kingine.

Mashine ilitoka wapi

Mashine ya presha haikuzaliwa kwa ajili ya nyumba. Miaka ya 1920 huko Pennsylvania, Marekani, Frank Ofeldt alitengeneza mashine ya mvuke ya kutoa grisi. Mwaka 1950 Alfred Kärcher wa Ujerumani akatoa mashine ya kwanza Ulaya ya maji moto ya presha kali. Adui wake alikuwa mafuta na uchafu mzito. Alipofariki 1959, mkewe Irene ndiye aliyeshika kampuni, na ilipofika 1984 wakatoa mashine ndogo ya kubebeka ya matumizi ya nyumbani. Ndiyo ukoo wa hizi tunazoziona leo kila kona ya mtaa.

Kwa hivyo ni kifaa cha chuma na zege. Bomba la kawaida la nyumbani lina presha ya baa chache tu. Mashine nyingi zinatoa baa 100 hadi 150. Hiyo nguvu ikipata ufa mdogo kwenye rangi, inaingia nyuma yake na kuiinua.

Wenzetu ng'ambo waliumia kabla yetu. Paris, waziri André Malraux alipoanzisha kampeni ya kusafisha majengo yaliyojaa masizi kuanzia 1959, maji yalifanya kazi kubwa. Marekani nako wengi walichagua njia ya mkato, wakapiga majengo ya kale kwa mchanga wa presha. Kuta ziling'aa, halafu zikaanza kuoza, hadi mwaka 1979 serikali yao ikatoa mwongozo wa kuonya watu. Sababu ni rahisi: tofali likichomwa, sehemu ngumu ni ngozi ya nje. Ukiitoa ngozi, ndani ni laini na linakunywa maji.

Sasa fikiria tofali letu la kuchoma kwa kuni kule kijijini, ambalo mengine hayakuiva vizuri. Ukilipiga baa 150 hulisafishi. Unalichuna.

Chagua kwa ukuta, si kwa mashine

Hii ndiyo njia ambayo ningependa kila kijana wa kazi hii aijue.

Ukuta wa lipu wenye rangi nzima: pampu ya mgongoni ya lita 16 au 20, ile ya shambani, inatosha. Isiwe iliyobeba dawa ya magugu. Maji, sabuni laini, brashi laini ya mpini mrefu. Paka sabuni kutoka chini kwenda juu ili isiache michirizi, kisha suuza kutoka juu kwenda chini.

Ukuta wa kijani: hapo presha haisaidii sana, maana inakata majani inaacha mizizi. Unahitaji dawa ya kuua. Jik ya kawaida ina hipokloraiti ya takriban asilimia 3.5. Sehemu moja ya Jik kwa mbili au tatu za maji inakupa karibu asilimia 1. Nyunyiza, ngoja dakika 10 bila kuacha ikauke, suuza vizuri. Jaribu kwanza kona isiyoonekana. Vaa glavu na miwani, na usiichanganye kamwe na asidi ya choo wala dawa nyingine, gesi inayotoka hapo inaweza kuua.

Kabla hujanyunyiza, chomoa bomba linaloingiza maji ya paa kwenye tangi. Watu wanakunywa hayo maji. Na kama mama ana chinsaga au managu chini ya dirisha, zilowanishe kwa maji safi kwanza, kisha zifunike.

Tofali la kuchoma: brashi kavu, maji ya bomba, uvumilivu. Mashine ikae kwa gari.

Mabati: ikiwa ni mazima, tumia ncha ya kutawanya maji, simama mbali, elekeza maji kwenda chini kufuata mteremko. Ukielekeza juu unayaingiza chini ya maungio na dari inaloa. Mabati yenye kutu usiyapige.

Paa la asbesto, bado lipo kwenye majengo ya zamani: usiguse. Presha inarusha nyuzi zinazoharibu mapafu, na kanuni za taka za Kenya zinaihesabu kuwa taka hatari. Hakuna pesa ya kutosha kwa kazi hiyo.

Ngazi za simiti, kabro, sakafu ya nje: haya sasa, washa mashine. Hapa ndipo kwake.

Hesabu ya maji pia ni muhimu. Mashine ndogo inakunywa lita 6 hadi 8 kwa dakika, yaani lita 360 hadi 480 kwa saa. Hiyo ni mitungi 18 hadi 24. Kama maji yanabebwa kutoka chemchemi, uliza nani anayabeba kabla hujataja bei yako. Mara nyingi ni msichana wa hapo nyumbani, na halipwi.

Na dawa ya kudumu kabisa haiuzwi kwa duka la mashine. Weka gata, mwaga kokoto au simiti kuzunguka msingi, kata matawi yanayoziba jua. Matope hayatarukia ukuta, na mwani utakosa makao.

Ndiyo maana nasema bizna hii ni nzuri, lakini anayeuza presha peke yake atapata mteja mara moja tu. Anayejua kuusoma ukuta ataitwa tena mwaka ujao, na jirani pia atamwita. Kabla hujakopa pesa ya mashine, keti na omong'ina mmoja aliyewahi kusiriba nyumba. Muulize alijuaje ukuta unahitaji nini, kwa sababu hicho ndicho mteja wako anakulipia.

Kwenu ukuta ni wa nini, na mlitumia nini kuuosha mara ya mwisho? Niambie hapo chini.