Kibarua, Manamba, Mfanyakazi: Urithi wa Harakati za Mashamba ya Mkonge Tanganyika

Wanahistoria wa Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya vyama vya siasa, na wanaisimu nao wameandika mengi juu ya maneno ya mkopo; lakini ni nadra mabingwa wa pande hizi mbili kusomana. Makala haya yanakusudia kuzitazama harakati za kudai haki za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge huko Tanganyika, hasa baina ya 1957 na 1964, na kuuliza zimeacha nini. Dai letu ni kwamba chama chenyewe kilikufa mapema, na kwamba urithi wake hauonekani vizuri ukitafutwa katika vyama vilivyokifuata. Waonekana zaidi katika hali mpya ya mtu aitwaye mfanyakazi. Lugha ya Kiswahili imehifadhi ushahidi wa badiliko hilo, na imehifadhi pia ushahidi wa mipaka yake.

Yafaa tuanze na neno la zamani kuliko yote, kibarua. Asili yake ni barua. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 bwana aliweza kumtoa mtumwa wake afanye kazi ya kutwa kwa mtu mwingine, na ujira ukagawanywa baina ya mtumwa na bwana. Cheti kidogo cha kazi hiyo ndicho kilichokuwa kibarua. Kisha jina likahama kutoka kwenye karatasi likamkalia aliyeichukua. Hivyo mchukuzi wa cheti akageuka kuwa cheti.

Manamba lilizaliwa mashambani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo kukatokea mashamba yaliyoenea Pangani, Tanga, Korogwe na Morogoro. Wenyeji wa sehemu hizo, waliokuwa na ardhi yao ya kulima chakula, hawakuwa na haja kubwa ya kukata majani ya miiba kwa ujira mdogo. Kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na huko kwenye namba ndiko lilikotoka jina la manamba. Neno hili lilikuwa tusi kwa namna yake, kwani lilimaanisha mtu asiye na ukoo hapo alipo, anayejulikana kwa tarakimu.

Lipo neno la tatu, kipande, na hapa msomaji wa Kenya anahitaji kutahadhari. Nchini Kenya kipande kilikuwa hati ya utambulisho iliyotokana na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: Mwafrika mwanamume aliyepita umri wa miaka 16 alichukua alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake ndani ya kikasha cha chuma, akakining'iniza shingoni. Dhidi ya kipande hicho, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, Harry Thuku alisimama mwaka 1921, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi. Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku haikutiwa alama mpaka kipimo cha siku hiyo kiwe kimetimizwa. Aliyepungukiwa na mafungu machache ya majani, jasho lake la kutwa halikuhesabiwa. Mwezi wa kipande kwa hiyo ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na malipo yalingoja kadi ijae. Hata hivyo vipande vyote viwili vilifanana katika jambo moja: karatasi ya mwajiri ndiyo iliyosema mtu ni nani na amefanya nini.

Hali hii ndiyo iliyokikuta chama cha wafanyakazi wa mkonge kilipoanza kujijenga mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya mwavuli wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika lililoundwa 1955 na ambalo katibu wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Kazi haikuwa rahisi. Mkonge uliajiri zaidi ya watu laki moja, nao walitawanyika katika mashamba yaliyo mbalimbali, kila moja likiwa na kambi, duka na nyapara wake. Makabila yalikuwa mengi na kila kundi lilikaa upande wake wa kambi. Lugha iliyoweza kumfikia mkataji shambani na fundi wa korona (ndivyo kiwanda cha kuchambulia nyuzi kilivyoitwa, kwa jina la mashine yake) ilikuwa Kiswahili. Wasomi wetu hupenda kutaja shule, magazeti na TANU wanapoeleza kuenea kwa Kiswahili bara. Kambi ya mkonge hutajwa kwa nusu sentensi, ikitajwa. Tunaona hilo ni kosa.

Mgomo wa Mazinde, karibu na Mombo, mwaka 1958, ndio unaokumbukwa zaidi, lakini haukuwa peke yake. Waajiri walizoea kushughulika na wazee wa kambi waliowachagua wao wenyewe. Sasa walilazimika kuketi na chama. Baada ya uhuru, mwaka 1962, ilitungwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi, na kima cha chini cha mshahara cha nchi nzima kikaanza kutumika mwanzoni mwa 1963. Kiinua mgongo, usemi unaobeba picha ya mtu aliyeinama kazini, likawa jambo la kudai mbele ya sheria badala ya hisani.

Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama yake, na si haki kuificha. Mishahara ilipopanda wenye mashamba waliongeza vipimo, wakapunguza watu na kuwategemea wakazi wa kudumu. Kuandikisha manamba kutoka mbali kukafifia, na SILABU ikafungwa katika miaka hiyo ya 1960. Mavuno yalifikia kilele mwaka 1964, tani zipatazo 230,000, kisha nyuzi za plastiki zikaiangusha bei. Aliyebaki shambani alipata zaidi. Aliyeachishwa alirudi kwao, na historia ya vyama haimtaji.

Mgongano na serikali ulikuja upesi. Sheria ya 1962 juu ya migogoro ya kazi iliufanya mgomo halali kuwa jambo la karibu kutowezekana. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha mkonge aliyekuwa pia rais wa Shirikisho, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali pamoja na mwenzake Shehe Amiri, kwa shutuma za kuchochea migomo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, Shirikisho likavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Serikali ilikuwa na hoja: mshahara wa mkulima mdogo hauna chama cha kuupandisha, na taifa changa halikuweza kuwagawia wachache. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo haielezi kwa nini mtu aliyekuwa akiwasemea wakataji mkonge ilibidi atumiwe adhabu ileile ya kuhamishwa ambayo wakoloni waliitumia kwa Thuku.

Sasa turudi kwenye maneno. Kibarua liko katika ngeli ya KI-VI, manamba huanza na ma-, na mfanyakazi liko katika ngeli ya watu. Hatusemi kwamba ngeli peke yake hutukana. Kiongozi na kijana nao wamo katika KI-VI, wala hawalalamiki. Tunasema kwamba maneno mawili ya kwanza yalimtaja mtu kwa karatasi na namba za aliyemwajiri, na la tatu lamtaja kwa kitendo chake. Halikuwa neno jipya. Jipya lilikuwa dai la mkataji mkonge kuitwa kwalo, sawa na karani wa reli. Azimio la Arusha la 1967 liliwakuta wafanyakazi na wakulima tayari ni jozi ya kutajwa pamoja, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea ubwana wa viongozi, wafanyakazi wa viwandani walikitumia kifungu cha 15 kuwakabili mameneja wao, ingawa NUTA haikuwatuma.

Yale maneno mengine mawili hayakufa. Raia wa Kenya bado hukiita kitambulisho chake kipande, na Nairobi manamba amekuwa utingo wa matatu. Kibarua ndilo lililoenea kuliko yote: hata karani mwenye mshahara wa mwezi, akiachishwa, husema kibarua chake kimeota nyasi. Na katika mashamba ya kahawa, chai na maua, ambako vyama vya wafanyakazi wa mashamba vya Kenya na Tanzania husaini mikataba kwa niaba ya walioajiriwa kwa kudumu, yuko mtu anayefika langoni alfajiri, akahesabiwa, akalipwa ya siku hiyo. Mikataba hiyo humwita mfanyakazi wa muda. Wenzake, na yeye mwenyewe, humwita kibarua.