Kibaba, Kitoweo na Misuli ya Mkata Mkonge

Katika mlo wa pwani ya Tanga, ugali, wali au muhogo ni kitu kimoja na kitoweo ni kingine. Kitoweo ni samaki, papa mkavu, uono, kunde, mbaazi za nazi, au nyama siku inapopatikana. Mtaalamu wa lishe angekiita fungu la protini. Waliofanya kazi ngumu katika ukanda huu, kutoka Pangani hadi Korogwe, mara nyingi walipewa cha kushindilia tumbo, kitoweo wakajitafutia wenyewe, na swali la kama nyama zaidi ingewaongezea misuli lilizuka kila zama kwa sura yake.

Karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba ni robo ya pishi, takriban gramu 700. Nafaka kiasi hicho ina protini ya gramu 60 hivi, na kipimo cha leo cha Shirika la Afya Duniani, gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito, kinamtaka mtu wa kilo 60 apate gramu 50. Kwa protini, basi, kibaba kilitosha, ijapokuwa ya mahindi ni dhaifu kwa kukosa lisini (kijenzi kimojawapo cha protini) ya kutosha, upungufu ambao kunde na maharage huuziba. Penye pengo ni nguvu ya kuendeshea mwili: kibaba hutoa kalori 2,500 hivi, na anayetembea na mzigo kutwa hutumia zaidi ya 3,000. Mwili ukikosa wanga na mafuta huichoma protini kama kuni, na ya chakula isipotosha, hugeukia misuli yenyewe.

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo likaja shamba baada ya shamba kufuata reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo. Kukata mkonge ni kazi ya kuinama: jani hukatwa shinani, mwiba wa ncha huondolewa, majani hufungwa mafungu ya 30, kisha mafungu hubebwa hadi kwenye reli ya toroli na kupelekwa korona, mashine inayotoa singa. Jani moja huzidi nusu kilo, kwa hiyo fungu moja ni kilo 15 au zaidi, na mkataji hufunga mafungu mengi kabla jua halijawa kali.

Watu wa pwani wengi waliikwepa kazi hiyo, wakapendelea kuvua na kulima mashamba yao. Ndiyo maana mashamba yalijaa manamba walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Njombe, Songea na nchi jirani, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Msingi wa posho ya kambini ulikuwa unga wa mahindi. Maharage, karanga, chumvi na nyama au samaki vilifuata kwa vipimo ambavyo mwajiri mmoja alivitimiza na mwingine akavipunguza. Manamba aliyetoka kwenye ndizi na samaki wa Ziwa Tanganyika alijikuta akila unga uleule wiki baada ya wiki.

Huko Ulaya na Marekani nadharia kuhusu nyama na misuli zilikuwa zikigongana tangu karne ya 19. Justus von Liebig alidai katika miaka ya 1840 kwamba misuli inapofanya kazi hujila yenyewe, hivyo mfanyakazi ashibishwe nyama. Mwaka 1865 Adolf Fick na Johannes Wislicenus walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi bila kula protini, wakapima mkojo wao, wakaona protini iliyochomwa haikutosha kuwa chanzo cha nguvu waliyoitumia. Hata hivyo Carl Voit wa Munich alipendekeza gramu 118 kwa siku kwa mfanyakazi. Mwaka 1904 Russell Chittenden wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kwamba askari na wanariadha waliokula nusu ya kiasi hicho hawakudhoofika.

Katika Afrika Mashariki hoja ya nyama ilipata nguvu mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walipochapisha ulinganisho wa Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wanaume wa Kimasai, waliokula maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu kwa sentimita 13 hivi, wazito kwa kilo 10 hivi, na mikono yao ilikuwa na nguvu kwa nusu zaidi. Lakini waliolinganishwa walitofautiana pia kwa nasaba, maradhi na malezi ya utotoni. Hesabu ile haikuweza kumwambia mwenye shamba wa Muheza kama kipande cha nyama kingemnenepesha mkataji wa miaka 25. Mwaka 1974 Donald McLaren, aliyewahi kuchunguza utapiamlo Tanganyika, aliandika kwamba dunia imekosea kuishupalia protini huku wengi wakikosa chakula cha kutosha kwa ujumla.

Kwa anayenyanyua vyuma leo, jibu lina kipimo. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha majaribio 49 uligundua kwamba waliofanya mazoezi na kuongezewa protini walipata wastani wa gramu 300 hivi zaidi za mwili usio mafuta kuliko waliofanya mazoezi tu, na kwamba kupita gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito hakuongezi kitu cha maana. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 96. Supu ya pweza inayonywewa jioni kando ya barabara, yenye ndimu na pilipili, sifa zake ni nyingi kuliko protini yake, kwa sababu protini iko kwenye minofu inayochomwa kwa kijiti. Gramu 100 za kunde kavu zina gramu 23 hivi, na glasi ya maziwa ina nane.