Wanawake wa Upare, Tangu Zama za Misafara

Kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Sisi walimu huiandika tarehe hiyo ubaoni kana kwamba siku ile minyororo yote ilikatika. Huku milimani haikuwa hivyo.

Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, alikuwa amekwisha kufa, nao jamaa zake wakapigania ufalme. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, penye njia ya misafara itokayo Pangani. Huko alipata bunduki na baruti, na bei yake ilikuwa watu, Wapare pamoja na Wasambara. Bahari ilipofungwa, mashamba ya miwa ya Pangani yaliendelea kutaka watumwa. Mwanamke ndiye aliyetafutwa sana, kwa maana alilima, alitwanga, na kumzalia bwana wake watoto.

Sheria nazo zilimkumbuka mwisho. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, masuria waliachwa nje mpaka 1909. Kwetu bara Wadachi walitangaza huru watoto waliozaliwa baada ya 1905 tu. Utumwa wenyewe ulifutwa 1922, chini ya Waingereza. Lakini mwanamke huru asiye na shamba atakula nini? Kwa desturi yetu ardhi ilitoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume.

Kisha ikaja kodi ya mbiru, iliyopimwa kwa mali ya kila mwanamume. Waafrika hawakuwa na wa kuwasemea: Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa 1926, halikuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka 1945. Mwaka huo wanaume kwa maelfu walishuka Same, wakakaa huko miezi mingi wakiikataa kodi. Nani aliyelima nyumbani? Nani aliyewapelekea chakula? Hatimaye wanawake wa Usangi walimzunguka afisa wa serikali, wakamwambia (twaandika kwa adabu) kwamba asipowarudisha waume zao, basi yeye mwenyewe awe mume wa wote. Mawe nayo yakarushwa. Baadaye kodi ile ikaondolewa.

Wanaume wakarudi, na mashamba yalikuwa yao kama kwanza. Mwanamke akangoja hata 1999, ndipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikasema kwamba haki yake ya kupata ardhi ni sawa na ya mwanamume. Na ukoo mwingine huku milimani bado wabishana nayo.