Kutoka Karabai hadi Simu Janja

Mimi ni mwalimu mstaafu, na umri wangu umekwisha vuka miaka 70. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika shule za msingi za Kyela, huku uwandani, ambako ziwa liko kusini na Milima ya Livingstone iko mashariki. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha watu wasichokiona. Nilijifunza uzeeni, kwa hasara ya mpunga wangu mwenyewe, kwamba kuonyesha ni jambo moja na kuona ni jambo jingine.

Mwezi wa Juni, miaka michache iliyopita, mnunuzi mmoja alileta lori mpaka uani kwangu. Tulipatana magunia 9 ya mpunga kwa shilingi 120,000 kila gunia, yaani shilingi 1,080,000. Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka, mbinguni hakuna hata wingu la dawa. Vijana walipomaliza kupakia, mnunuzi alibonyeza simu yake, akasema, "Tayari, mwalimu. Hebu angalia ujumbe."

Simu yangu ililia. Ni simu janja, ya kupangusa, niliyonunuliwa na mwanangu. Nikaitazama. Nikaona uso wangu, ukingo wa kofia yangu na mbingu. Nikaigeuza huku na huku, nikaikinga kwa kiganja, nikaona kama kivuli cha maandishi, lakini si maandishi yenyewe. "Umeona, mzee?" Vijana wote walikuwa wakinitazama, na baadhi yao ni mimi niliyewafundisha a, e, i, o, u. Nikaitikia kwa kichwa. Lori likaondoka.

Usiku, nikiwa ndani ya chandarua, niliiwasha simu ile. Maandishi yaleyale yaliyonikimbia mchana sasa yaling'aa wazi kabisa. Nilikuwa nimetumiwa shilingi 108,000. Asubuhi nilipompigia mnunuzi, alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma: "Mwalimu, nilikuuliza kama umeona, nawe ukaitikia. Mashahidi wapo."

Kabla ya kueleza yaliyofuata, sina budi kurudi nyuma, kwa sababu jambo hili halikuanza na simu.

Nilikulia katika mwanga wa kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi: kopo dogo lenye mafuta ya taa na utambi wa kitambaa. Mwanga wake haukuzidi sana ule wa mshumaa mmoja. Nyumba zenye uwezo kidogo zilikuwa na chemli, yenye kioo cha kuizuia isizimwe na upepo. Juu ya hizo zote ilikuwa karabai. Hiyo ilihitaji pampu. Mafuta yalisukumwa juu kwa nguvu ya hewa, yakageuka mvuke kwa joto, na mvuke ukawaka ndani ya kifuko cheupe cha uzi, nacho kikang'aa kuliko moto wenyewe. Kifuko hicho ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyekitolea hataza mwaka 1885. Na taa mashuhuri ya namna hiyo, Petromax, ilitengenezwa Berlin na kiwanda cha Max Graetz. Kubwa yake iliuzwa kwa sifa ya kuwa na nguvu ya mishumaa 500. Ukiwa na karabai kijijini, usiku uliwakusanya watu wote kwako, na wadudu pia.

Ziwani karabai ilikuwa chombo cha kazi. Usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hukusanyika kwenye mwanga. Lakini wavuvi huchagua siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa ileile yenye mafuta yaleyale huwa dhaifu, maana mwanga umeenea kila mahali na samaki hawana sababu ya kuifuata. Tangu zamani, basi, wavuvi wetu walijua kwamba nguvu ya taa haiko ndani ya taa peke yake. Iko katika tofauti kati ya taa na kile kinachoizunguka.

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, mzee mmoja mvuvi alinichukua katika mtumbwi wake ili nione kazi yao. Nilikaa nikiikodolea macho karabai, jinsi maji yalivyogeuka kijani chini yake. Yeye alikaa ameipa taa mgongo. Akaniambia, "Mwalimu, usiitazame taa. Ukiitazama taa, utalipoteza ziwa." Nilipoinua macho sikuona chochote, si mlima wala mtumbwi wa jirani, yeye aliona vyote. Vitabu vya sayansi vinaeleza sababu yake. Ndani ya jicho mna chembe za kuonea gizani, na dawa iliyomo ndani ya chembe hizo huungua inapopigwa na mwanga mkali. Kuirudisha kunahitaji nusu saa hivi ya giza. Yule mzee hakuwa amesoma kitabu chochote. Hakujua kusoma.

Ndiyo sababu alikuja darasani kwangu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikaenea nchi nzima. Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kupima kusoma na kuandika, na serikali ikakadiria kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 39 ya watu wazima. Mwaka 1977 walikuwa asilimia 27. Takwimu hizo zilitokana na madarasa kama langu: watu waliotoka shambani na ziwani, wakakalia madawati ya watoto wao, magoti yakigusa kidevu.

Tulikuwa na karabai moja. Niliitundika mbele, kando ya ubao, usawa wa nyuso zao, ili inimulikie kitabu changu. Yule mzee niliyemheshimu nilimweka dawati la kwanza. Kila nilipoandika herufi nilimwuliza, "Umeona, mzee?" naye akaitikia kwa kichwa. Hata siku ya jaribio nililoliandika ubaoni, akarudisha karatasi tupu. Mbele ya watu wote, mbele ya mke wake aliyekuwa dawati la tatu na aliyekwisha jua kuandika jina lake, nikasema, "Mzee, miezi yote hii unaitikia kwamba umeona, kumbe unatudanganya." Mzee akasimama, akachukua fimbo yake, akasema, "Asante, mwalimu." Hakurudi tena darasani. Alifariki miaka ya 1980, wakati ule baada ya Vita vya Kagera ambapo hata mafuta ya kibatari tuliyapangia foleni, na kidole gumba ndicho kilichokuwa sahihi yake mpaka mwisho.

Kwa miaka mingi nililiweka tukio hilo katika fungu la uvivu wa wanafunzi. Simu ndiyo iliyolitoa huko.

Simu za mkononi zilianza nchini mwetu mwaka 1994, zikiwa za wachache mjini. Zilizotufikia sisi wa vijijini kwa wingi ni zile tulizoziita kitochi. Mashuhuri kati yao ilikuwa Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kioo chake kilikuwa kidogo, maandishi meusi juu ya rangi ya kijani. Lakini, msomaji, kioo kile kilikuwa na adabu ambayo simu za leo hazina. Nyuma yake kulikuwa na tabaka lililorudisha mwanga wa nje, kama karatasi inavyofanya. Kadiri jua lilivyozidi, ndivyo maandishi yalivyozidi kuonekana. Hakikushindana na jua, kililitumia.

Simu janja haifanyi hivyo. Kioo chake hutoa mwanga wake chenyewe, hivyo mchana kinaingia katika mashindano na jua. Ung'avu wa kioo hupimwa kwa niti, na niti moja ni sawa na mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa juu ya eneo la meta moja ya mraba. Simu nyingi za bei ya kawaida hufikia niti 400 hadi 600. Za bei kubwa hupita 1,000. Jua la mchana nalo huleta laksi 100,000 juu ya ardhi, wakati mbalamwezi pevu haifikishi hata laksi moja. Kioo kitupu hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga unaokiangukia. Asilimia 4 ni kitu kidogo chumbani. Juani, asilimia 4 ya mbingu yenye kung'aa hutosha kuyafunika maandishi, ukabaki unajitazama mwenyewe. Tena simu ikipata joto kali hujipunguzia ung'avu ili isiungue, yaani hudhoofika saa ileile unapoihitaji.

Usiku mambo hugeuka. Niti zilezile zilizoshindwa na jua, ndani ya chumba chenye giza huwa kama karabai puani. Kwa ajili hiyo watengenezaji waliweka kando ya kamera ya mbele kijicho kinachopima mwanga wa mahali ulipo, ili simu ijiongezee ung'avu juani na kujipunguzia gizani. Yangu ilikuwa nacho. Mke wangu alikuwa amelalamika kwamba ninamwamsha usiku kwa mwanga ule, nami nilitaka kuokoa betri. Nikakizima kijicho na kushusha ung'avu mpaka chini kabisa. Nilifanya hivyo usiku, kwa macho ya usiku, nikasahau. Siku ya mpunga nilitoka juani nikiwa na simu iliyopangwa kwa ajili ya chandarua.

Mjukuu wangu aliniondolea kosa hilo kwa vidole viwili, bila hata kuketi. Lakini alisema neno moja: "Babu, hata ikiwa juu kabisa wewe utaona kwa shida kuliko mimi." Ni kweli. Mboni ya mzee haipanuki kama ya kijana, na lenzi ya jicho huingia unjano na ukungu. Wataalamu husema jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la miaka 20. Zaidi ya hapo, ukungu ule wa lenzi hutawanya mwanga mkali unaotoka mbele, ukaenea jicho zima kama maziwa ndani ya maji, na kilicho nyuma ya taa kikapotea.

Niliposikia hayo niliinyamazia simu mkononi, nikamwona mzee wangu wa mwaka 1975. Jicho lake lilikuwa na umri wa miaka 60 na ushei. Mimi, wa miaka ishirini na kitu, nilitundika karabai kati ya uso wake na ubao, kisha nikamwuliza kama ameona. Alichokiona ni taa. Tena alikuwa amekwisha nionya ndani ya mtumbwi wake: ukiitazama taa, utalipoteza ziwa. Nilimlazimisha kuitazama taa kila jioni kwa miezi kadhaa, akaupoteza ubao. Kuihamisha taa ile na kuitundika nyuma ya vichwa vyao kungenigharimu msumari mmoja.

Kwa nini basi hakusema? Kwa sababu ileile iliyonifanya mimi nisiseme uani kwangu. Nilikuwa mwalimu mbele ya wanafunzi wangu. Yeye alikuwa mzee mbele ya vijana na mke wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia kwamba mara nyingi aulizaye ndiye anayemfundisha mgonjwa kuficha. Swali la "Umeona?" lina jibu moja tu linalokubalika mbele ya watu. Ningemwambia, "Mzee, nisomee hii," ningelijua tatizo siku ya kwanza. Na mnunuzi angeniambia, "Mwalimu, nisomee kiasi," tusingefika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Tulifika. Baada ya vikao viwili ilionekana kwamba mnunuzi aliacha sifuri moja, kwa makusudi au kwa kupitiwa, hilo Mungu ajua. Na kwamba mimi niliitikia nisichokiona. Katika shilingi 972,000 zilizobaki nililipwa nusu. Niliikubali hukumu. Niliona kwamba nusu nyingine ni ada niliyochelewa kuilipa kwa miaka mingi.

Siku hizi wavuvi wa Matema hutoka na taa ndogo za betri na za sola, zisizohitaji pampu wala kifuko. Mjane wa yule mzee bado yupo, amekuwa bibi kizee sana. Nilikwenda kwake nikamweleza habari ya karabai na mahali nilipoitundika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aliniambia. Alisema mwalimu ni mtu mwema, ila taa yake inaumiza." Hakuna aliyeniambia mimi, na mimi sikuuliza.

Msimu uliofuata mnunuzi mwingine alinionyesha simu juani, akaniuliza kama nimeona. Vijana walikuwapo, wakitazama. Nikamjibu kwa sauti waliyoisikia wote, "Sioni. Twende kivulini, unisomee, kisha na mimi nikusomee." Tukaenda chini ya mwembe.